Sauti Nyembamba Bungeni

Karani wa bunge la kwanza la jimbo jipya la Marekani alilamba kalamu kabla ya kuita kila jina, hata midomo yake ikawa nyeusi kwa wino. Bi Loomis, aliyewapangisha wabunge vyumba, alichungulia mlangoni. Walikuwa wakipiga kura kuhamisha makao makuu ya jimbo, na yakihama, atabaki na panya tu. Jina la Hobart, mpangaji wake, likaitwa. Hobart akachelewa kujibu, na woga ukamponyoka Bi Loomis mdomoni: “Hapana.”

Karani hakuinua kichwa. “Mheshimiwa Hobart, leo sauti yako nyembamba.”

“Ni mkate wa mama mwenye nyumba wake ndio unaosema,” mbunge mmoja akadakia. Wakacheka.

Hobart, aliyekuwa amemwahidi Bi Loomis “hapana” asubuhi ile, akasimama kwa aibu. “Mimi sisemewi na mtu. Ndiyo.”

Karani akalamba kalamu, akaandika. Makao yakahama kwa kura moja, ile aliyoipiga Bi Loomis.