Dola Zangu Kwenye Sinia la Mahari

Kuna mtaa mmoja Rosettenville, hapa Joburg, siku hizi siupiti. Nazunguka, hata kama taa ya mafuta inawaka, na mke wangu akiuliza namwambia barabara ina mashimo. Uwongo mtupu, barabara ile ni nzuri kuliko ya kwetu Observatory. Ni aibu tu inayonizungusha, na aibu yenyewe niliitafuta kwa mikono yangu miwili, kwa hiyo mkitaka kucheka chekeni, ila mniache nimalize.

Mimi fundi simu, mtu wa Tanga, na ugonjwa wangu ni sarafu. Si kila sarafu (kuna watu wanaokota hata vifuniko vya soda), mimi ni dola za fedha za Kimarekani tu, zile kubwa za zamani, nzito mkononi, upande mmoja kichwa cha mwanamke na upande wa pili tai kakunjua mabawa. Mke wangu Mwanaisha anaziita wake wenzake. Wanangu, waliozaliwa hapa hapa Joburg, nikiwaita waje kuona wananijibu kwa Kiingereza chao kwamba walishaona. Basi fikirieni mtu ana vitu vizuri namna ile na nyumba nzima hakuna wa kumwonyesha. Mtu huyo ni hatari.

Wanaonielewa ni wenzangu wa Randburg. Tunakutana Jumamosi kwenye mgahawa mmoja, wakusanyaji wachache, wengi wao wastaafu, tunatandika vitambaa mezani na kupokezana sarafu kama watu wanaopokezana mtoto mchanga. Na tuna desturi yetu: ukimwamini mwenzako unamwazima sarafu yako akae nayo wiki nzima, aitazame kwa lenzi mpaka aridhike, Jumamosi airudishe. Wiki ile Tannie Hettie, mwalimu mstaafu wa Kiafrikana ambaye sote tunamwita shangazi kwa lugha yake, alinipa yake. Jamani! Ilikuwa imeingia rangi ukingoni, bluu, zambarau, na wekundu wa machweo kwa mbali, rangi ambayo fedha huitengeneza yenyewe kwa miaka mingi ikiachwa bila kuguswa, na ukiisugua mara moja tu umeiua, hairudi tena. Alikuwa ameachiwa na marehemu mumewe.

"Shika ukingoni," akaniambia, "na usiifute, hata kwa shati."

Nikaapa. Nikaondoka na moyo wake mfukoni mwangu.

Kesho yake Jumapili nilikuwa mshenga. Rafiki yangu Hamza, fundi cherehani, alikuwa anapeleka mahari kwa kina Zubeda, mchumba wake, kwenye mtaa ule ule wa Rosettenville, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kubeba sinia na kusema maneno. Sasa mahari ya Hamza ilikuwa kwenye bahasha. Bahasha moja, nyeupe, katikati ya sinia kubwa la kung'aa. Nikaitazama nikaona imekaa kinyonge, kama barua ya kufukuzwa kazi. Nikawaza: nikizipanga dola zangu kuizunguka, si pambo zuri hilo? Watu watazame, wafurahi, kisha nizikusanye zangu nirudi nazo. Na kwa kuwa ile ya Tannie ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote, nikaiweka juu ya bahasha yenyewe. (Nasema "kwa kuwa" kana kwamba kulikuwa na akili ndani yake. Hamna. Nilitaka sifa.) Nikafunika na kitambaa cha kufuma, tukatoka. Hamza hata hakufunua kuangalia, maskini, njia nzima alikuwa anajifunza salamu za wakwe.

Kufika, tukakaribishwa, masinia ya biriani yako chini kwenye mkeka, watu wamejaa mpaka uani. Shangazi yake bibi harusi, Bi Saada, mwanamke mwenye sauti isiyohitaji kipaza sauti, akapokea sinia, akafunua kitambaa.

"Heee! Njooni muone! Kijana kaleta mahari ya dola za fedha!"

Vigelegele vikapasua paa. Hapo ndipo nilipotakiwa kusema, "Samahani shangazi, hizo ni pambo." Maneno machache tu. Lakini mjomba mtu akaniuliza, "Mshenga, hizi ni za zamani kweli?" na mimi, miaka yote hii nikisubiri binadamu mmoja aniulize swali hilo, nikasimama nikajibu. Nikaeleza fedha yake, nikaeleza yule mwanamke na taji lake, nikaeleza tai, nikawaambia siku hizi hazipatikani ovyo. Watu wakawa wananyamaza kunisikiliza! Hamza akanivuta kanzu, nikamtoa mkono. Nilikuwa nimenoga.

Nilipokaa ndipo nikakumbuka kwetu sinia likishavuka kizingiti, kilichomo si chako tena.

Bi Saada akaanza kugawa. "Hii mkaja wa mama." Dola moja ikaenda. "Hii kilemba cha mjomba." Nyingine. Dada yake mama naye akapata, na somo wa bibi harusi, kila mmoja akiishika katikati kwa vidole vya mafuta ya biriani, nami natabasamu huku machozi yananilenga. Kusema zangu ni kuuambia ukoo mzima kwamba Hamza kaja na bahasha moja na mapambo ya kuazima. Nikajiambia vumilia, kesho utawapitia mmoja mmoja.

"Na hii," akasema Bi Saada, akiinua ile ya Tannie, "ni ya bibi. Ingawa hii, eish, imechafuka."

Bibi yake Zubeda, kikongwe kutoka kwetu Tanga, akaipokea akaigeuza. "Imeota kutu hii. Nileteeni majivu na ndimu."

Jiko la mkaa lilikuwa hapo hapo uani, ndimu ziko kwenye kachumbari. Nikamwona anakamua. Nikamwona anachota majivu.

"Bibi usisugue!"

Sikumbuki kuinuka. Nakumbuka mguu wangu wa kulia ukiwa ndani ya sinia la biriani mpaka kifundoni, la moto, na wa kushoto ukimtafuta mjomba mgongoni, kisha nikalala kifudifudi mbele ya kikongwe na kanzu yangu nyeupe imegeuka rangi ya zafarani. Bibi hata hakushtuka. Alikuwa ameshamaliza upande wa tai.

"Umeona ilivyotakata?" akaniuliza.

Mjomba akasema polepole, "Mshenga, una nini wewe?" Nikiwa pale pale chini, na wali puani, nikayasema yote: dola si za Hamza, ni zangu, na hiyo ya bibi wala si yangu, ni ya mama mmoja wa Randburg. Hamza akajifunika uso. Bi Saada akashika kiuno. "Yaani mmetuletea mahari ya maonyesho?"

Aliyetuokoa ni Zubeda mwenyewe. Alitoka chumbani, jambo ambalo halikuwa kwenye ratiba, akachukua bahasha.

"Mahari ni yangu, na nilichoomba kimo humu. Mrudishieni mtu vyuma vyake, na aoge."

Nikarudishiwa zote, isipokuwa moja. Bibi alikuwa ameshaifunga kwenye pindo la kanga. "Mimi nimepewa," akasema, na mjomba akaongeza kwamba hiyo ndiyo faini ya biriani. Nani ataenda kupigana na kanga ya kikongwe?

Jumamosi nilikwenda Randburg na kasha langu lote. Nilimweleza Tannie Hettie kila kitu, mpaka majivu, nikamfungulia kasha nikamwambia achague. Akanigeuzia mgongo akatazama dirishani, na niseme wazi, mgongo ule uliniuma kuliko mguu ulioungua. Mwisho akauliza, "Huyo bibi alifurahi?"

"Alifurahi sana, Tannie."

"Mume wangu angelia," akasema, akaingiza mkono, akachukua iliyo bora kuliko zote, ile niliyokuwa nimeificha chini kabisa. Toka siku hiyo hajaniazima kitu, na sijamlaumu.

Harusi ilifana. Mimi nilikaa nyuma karibu na mlango, lakini bibi aliniona, akaniita kwa sauti mbele ya wageni. Shingoni alikuwa amevaa mkufu, na kwenye mkufu, jamani, dola ya Tannie, nyeupe kama sufuria mpya, imetobolewa tundu juu kidogo ya kichwa cha yule mwanamke. Wanawake wamemzunguka, wanaishika, wanauliza ni ya wapi, ya lini, tai huyu vipi. Miaka yote nakusanya, sijawahi kuona watu wakiitazama dola kwa hamu namna ile, nami nilisimama pale nikieleza upya tangu mwanzo mpaka koo likakauka.

"Mwanangu," bibi akaninong'oneza, "huna mbili zinazofanana? Nataka za masikioni."

"Zimeisha, bibi," nikamjibu, na kuanzia siku ile yeyote anayetaka mshenga namwambia mgongo unaniuma.