Jenerali Aliyeisikia Mizinga

Nakumbuka siku moja kuliko ninavyoikumbuka harusi yangu, mwanangu, na mke wangu asisome hapa. Nilikuwa kijana wa shule ya jioni, naishi ughaibuni, ghorofa ya kumi na moja pale Dixon Road karibu na uwanja wa ndege, ndege zikipita karibu zininyoe nywele.

Mwalimu alitaka kurasa kumi juu ya jenerali mmoja Mfaransa wa enzi za Napoleon. Jirani yangu Bi Zuhura, mjane wa Tanga, alinipa bakuli la kaimati zilizojaa shira ya sukari pamoja na amri: "Leo usikanyage kwangu mpaka umalize. Nikikuona mlangoni, nakutimua kwa mwiko!"

Nikaandika. Jenerali alizaliwa kwa makabaila, akapanda vyeo juu ya farasi, akajeruhiwa hadi mwili ukawa kama ramani ya Ulaya. Mwishoni akapewa cheo cha juu kabisa. Siku ya vita vya mwisho vya Napoleon, alikuwa ametumwa kufukuza kundi jingine la maadui. Yuko mezani, wanasema akila stroberi, mara mizinga ikanguruma kwa mbali. Maofisa wake wakamsihi waende kuokoa wenzao. Akasema, mimi nina amri yangu. Kufika jioni, jeshi la bwana wake lilikuwa limekwisha.

"Mjinga wa mwaka!" nikacheka, nikatupia kaimati mdomoni.

Ko. Ko. Ukutani kwa Bi Zuhura. Nikadhani anapigilia msumari. Kimya. Kisha ko nyingine, dhaifu. Nikajiambia, kanikataza mwenyewe. Nikarudi kwenye karatasi, jicho likatua kwenye neno "mizinga". Nikatupa kalamu, nikatoka mbio.

Nilikuwa na ufunguo wake wa akiba. Nikamkuta sakafuni jikoni, jasho linamtiririka, mwiko mkononi. Alikuwa amejidunga dawa ya kisukari, akasahau kula, sukari ikamshuka mwilini. Nikapiga simu ya dharura huku nikikimbilia bakuli langu, nikamnywesha shira ya kaimati kijiko kwa kijiko. Dakika zile zilikuwa na urefu wa mwaka mzima. Hatimaye akafumbua macho.

"Ulikuwa wapi?"

"Bi, si ulinikataza?"

"Nilikukataza nikiwa nimesimama!"

Mwanangu, anayekupa amri hajui saa ijayo itamkuta wapi. Ukisikia ukuta unagongwa, inuka kwanza, maelezo utayatoa baadaye. Mungu akupe masikio mepesi na miguu isiyongoja kutumwa, na siku utakapogonga wewe, awepo wa kuinuka.