Baba Anataka Jina la Mjerumani Aliyemfunga Bibi Yetu

Admin, salamu. Kabla hujauweka ujumbe huu naomba jina langu lisionekane popote, ndugu zangu wengi wako humu na watanijua upesi.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nne, Mrundi niliyezaliwa kambini Kigoma. Naishi Louisville na baba yangu mzazi na binti yangu wa miaka kumi na mitatu. Mama alishafariki. Nafanya kazi ya kufungasha mizigo ghalani.

Baba yangu ni mweupe kidogo na pua yake ni nyembamba. Tangu tukiwa kambini alikuwa anajisifu kwamba babu yake alikuwa mwanajeshi wa Kijerumani aliyekuja Burundi enzi za ukoloni, akamuoa bibi yake. Hatukujali. Tulipofika Marekani akasikia habari za kile kipimo cha mate cha kutafuta ukoo, akanisumbua mpaka nikamwagizia. Majibu yalipotoka yakatuunganisha na mama mmoja mzungu wa Buffalo, mwalimu mstaafu, ambaye amekaa miaka mingi akifuatilia wazee wake waliotoka Ujerumani. Kumbe babu yake na babu ya baba ni mtu mmoja. Alipotoka Afrika alirudi kwao, kisha akahamia Buffalo, akafanya kazi kiwandani kwenye mtaa wa Black Rock, akaoa, akazaa watoto sita, akafa akiwa mzee wa kanisa.

Baba akafurahi kama mtu aliyepewa ufalme. Akachapisha picha kubwa ya yule mtu akiwa na magwanda yake ya kijeshi, akaitundika sebuleni juu ya televisheni. Yuko karibu kuapishwa uraia, na wakati ule mtu anaruhusiwa kubadili jina, kwa hiyo amejaza kwenye fomu jina la ukoo la Mjerumani. Akaniambia, "Na wewe zamu yako ikifika uchukue hilo hilo, mtoto aje kupata kazi nzuri."

Mwezi uliopita nikamwendesha hadi Buffalo. Yule mama alitupokea vizuri. Alikuwa amejaza meza nzima makaratasi: nakala za vitabu vya ubatizo, orodha za abiria wa meli, barua za zamani. Mimi ndiye niliyekuwa natafsiri. Tulipomaliza kula, baba akasinzia kwenye kochi, yule mama akaniita jikoni, akafunga mlango na kunipa bahasha.

Akasema, "Hili ni daftari lake la Afrika. Nilimpa mtu anitafsirie. Ni haki yenu kulisoma."

Wapendwa, yule mtu alikuwa anaandika kila kitu. Uzito wa pembe za ndovu, ugonjwa wa punda wake, halafu hapo hapo katikati: "Msichana wa miaka kama kumi na mitatu, nimepewa baada ya kuchoma nyumba za kilimani. Ametoroka mara mbili. Sasa nimemfunga mguu kwenye nguzo ya kitanda." Mbele kidogo: "Msichana ana mimba. Mpishi amchukue." Basi, hakuna kingine. Jina lake halipo. Punda alikuwa na jina.

Nilizirudisha zile karatasi kwenye bahasha, nikaitia mkobani. Yule mama akanishika bega huku analia, na mimi sikutaka anishike.

Tukiwa njiani kurudi nikamwambia baba yote. Alikuwa anaangalia barabara tu. Akasema, "Nilishasoma. Huyo mama alinitumia kitambo, nikaweka kwenye simu ikanitafsiria, sikumjibu."

"Ulisoma, baba, na bado ukatundika picha?"

"Mambo ya zamani hayo. Wote walikuwa hivyo. Bila yule mzungu, wewe ungekuwa wapi?"

Nilisimamisha gari kwenye kituo cha mafuta nikanawa uso. Nilimwona baba yangu kupitia kioo cha dirisha anajitengeneza kola, nikamchukia, Mungu anisamehe. Tulipofika nyumbani nikaishusha ile picha. Akairudisha. Nikaishusha tena, akaniambia nikifungua mdomo mbele ya ukoo nisimwite baba tena.

Maana ameshaita ukoo wote Columbus, kwa shangazi yangu anayekaa Westerville, pembeni ya mji huo, aende kuonyesha picha na kutangaza jina. Shangazi ana miaka sabini na nne. Yeye ndiye aliyelelewa na huyo Bibi, yule msichana wa daftarini, na yeye ndiye aliyemuuguza. Juzi akanipigia.

"Mwanangu, baba yako anasema huko Buffalo mmekuta Bibi alitolewa mahari ya ng'ombe. Mimi nilimwogesha Bibi mpaka siku anakufa. Alikuwa na kovu limezunguka kifundo cha mguu. Alisema alinaswa na mtego wa swala akiwa mdogo. Habari za ng'ombe hakuwahi kunitajia. Mlisoma nini?"

Nikamjibu, "Mambo ya kanisa tu, shangazi."

Akasema, "Haya, mwanangu." Kwa sauti ile nilijua hajaniamini. Nilipokata simu nilijiona sina tofauti na baba.

Shangazi ana presha, naogopa nikimwambia atanifia mikononi. Nikinyamaza, atakaa pale kwake akipigia makofi picha ya mtu aliyemfanyia Bibi yake unyama ule. Na binti yangu ameshaanza kuliandika lile jina nyuma ya madaftari yake ya shule, analijaribu aone linavyopendeza. Ana umri ule ule wa Bibi.

Zimebaki siku tisa ukoo ukutane. Nyie mngekuwa mimi, mngemwambia shangazi kabla ya siku hiyo, au mngesimama mbele ya wote mkasoma zile karatasi? Nipeni mawazo yenu, mimi peke yangu nimeshindwa.