Mama, michembe na chumba chenye kibaraza

Jamani, mwenzenu naandika nikiwa kibarazani, juu ya ziwa!

Nampeleka mama yangu Bukoba kwa meli. Mama ni wa Tinde, kazoea ng'ombe na vumbi. Ziwa alikuwa hajawahi kuliona.

Bandarini Mwanza, mkata tiketi akaniuliza, "Dada, viti au chumba? Kimebaki kimoja, kina kibaraza."

Nikatamani mama ayaone maji vizuri, na mwanangu mchanga Neema anyonye kwa utulivu.

Mama akadakia, "Viti! Mimi si mchawi, nile michembe yangu nimejifungia."

Nikasema liwalo na liwe, nikachukua chumba. Mama akanuna mpaka tunapanda.

Sasa sikieni.

Kuingia tu, kaacha mlango wazi, kaweka ndoo ya michembe, vile viazi vyake vikavu, pale kizingitini. "Karibuni, wanangu!"

Kibaraza kikajaa! Wamama wa Kihaya, wanafunzi, hata baharia mmoja anatafuna. Utulivu wangu uko wapi?

Nikamtafuta mama. Kampakata mwanangu, anatazama maji tu.

"Mama Neema, haya yote yananyweka?"

"Yote, mama."

Akacheka mpaka machozi. "Na sisi kule tunagombania dimbwi na ng'ombe!"

Haya, nani bado ananiambia ningechukua viti?