Mpira Wenye Biskuti

Mucheke tu, lakini hasira yangu haijaisha. Siye tulikimbia vita ya kule kwetu Nizi kwa miguu, na tangu pale mutoto wangu Neema alikataa chakula. Kwa mama muzungu niliyemufulia nguo hapa Bunia, nikakuta katoni iliyoletwa na ndege. Ndani, mpira wenye tundu: ukiubingirisha, biskuti inatoka. Nikasema ni musaada wa watoto wa wakimbizi. Nikamupa Neema, akausukuma, akala, akacheka. Nikaita wamama waliokuja kuteka maji, nikawagawia biskuti.

"Muone akili ya wazungu."

"Ngumu kidogo," mumoja akajibu, "lakini inashuka."

Patrone, ule mama muzungu, akarudi na imbwa yake. Imbwa ikamunyanganya Neema mpira, ikaubingirisha kwa pua kama fundi.

"Mama Neema, nani amefungua chakula ya imbwa?"

Wamama wakaniangalia. Nilikuwa bado natafuna.