Uweso Aenda Kumuulizia Mposaji

Naweka dau kanzu yangu ya Idi kwamba hakuna atakayeamini: mwaka wa hamsini na sita, Kigombe nzima ilimkataa mtu siku tatu, na hakuna hata mmoja aliyemsema neno baya.

Mtu mwenyewe Mbarouk, Mpemba, fundi cherehani. Kaleta posa kwa Saleha, na Saleha kampenda. Baba yake Saleha alishakufa, kwa hiyo jibu alilishika ami yake, Uweso, msuka madema ya kutegea samaki, ambaye akisuka dema moja husimulia matatu. Na mposaji haulizwi mwenyewe, huulizwa majirani.

"Kigombe hii kuna nisiyemjua?" Uweso akajitapa kwa mkewe, Mwamvua. "Kabla ya adhuhuri nimemaliza."

Akaanza na Kombo, muuza kahawa. "Eti huyu Mbarouk vipi?"

Kombo hakujua kitu, ila kusema hajui hawezi. "Kwani kuna nini?"

"Nauliza tu."

Kombo akatikisa kichwa taratibu. Uweso akaenda kwa kinyozi, kwa muadhini, kwa kina mama wanaosuka ukili wa mikeka. Swali lile lile. Kesho yake Mbarouk akipita, baraza zinanyamaza. Siku ya tatu wanawake wawili wakaenda kuchukua vitambaa vyao, havijakatwa hata mkono.

"Mkatalie," Mwamvua akasema. "Kuna jambo."

"Jambo gani?"

"Sijui. Kombo anajua."

Kombo akasema kasikia kwa Semeni, dada yake Mwamvua. Semeni hakuinua macho kwenye ukili wake. "Nimesikia kwako wewe, shemegi. Ulivyokuja kuuliza nikasema, huyu haulizi bure."

Saleha alikuwa hali chakula, halali usingizi. Uweso akasuka ubavu mmoja wa dema, akaufumua, akatoka tena. Safari hii kaja na swali jingine.

"Eti Kombo, ni kweli kuna tajiri kule Horohoro anamtaka Mbarouk amuoze bintiye?"

"Mimi mbona nilijua zamani," Kombo akasema.

Kufika Jumapili vitambaa vimerudi, na vingine juu yake. Muadhini akasema tangu kijana aje yeye aliiona nuru usoni mwake. Mwamvua akamgombeza mumewe: "Wangoja nini? Horohoro watatuwahi."

Jumatatu asubuhi Uweso akavaa koti, akaenda kutoa jibu. Mlango wa Mbarouk una kufuli. Jirani akamwambia, "Kaondoka na gari la alfajiri. Kwenu kangoja wiki nzima, jibu hakuna. Kasikia Horohoro wanamtaka, kaenda kuwaona."

Kurudi nyumbani, Saleha alikuwa kasimama mlangoni, mtandio keshajitanda vizuri.

"Ami, kasemaje?"

Uweso akavua koti, akalikunja.

"Nimekosea kitu kimoja," akasema. "Mbarouk mwenyewe sikumwambia kuwa ni uongo."