Mdogo wangu alipata tuzo ya pili Ulaya, baba akarudi kwenye bani la tumbaku

Wakuu, salaam. Mlionizidi umri shikamooni, wengine tupo sawa.

Humu mimi ni msomaji zaidi, huwa nachangia kidogo kwenye nyuzi za kilimo nikatoweka. Leo naleta la kwangu. Najua kuna wenye mdomo mwepesi wa kusema "chai", yaani stori ya kutunga. Nawaomba mvumilie, maana anayezungumzwa hapa ni baba yangu mzazi na kaburi lake bado halijajengewa.

Naishi Songea, Matogoro, nashona sare za shule. Nyumbani kwetu hasa ni kijiji kimoja cha Namtumbo. Baba alikuwa mkulima wa tumbaku ya moshi.

Kwa msioijua: majani yake yanatungwa kwenye fito, yananing'inizwa ndani ya bani, ambalo ni banda refu la udongo lisilo na dirisha. Chini unawasha magogo, lakini hayatakiwi kuwaka, yanatakiwa kufuka tu. Mwenye bani anaingia na kutoka humo siku nyingi, anaupima moto kwa ngozi ya uso. Akizubaa kidogo jani limeharibika.

Halafu siku ya soko anakuja mteuzi. Huyo kwa mkulima ni mungu mdogo. Anashika jani, analinusa, anatamka daraja, anahamia robota linalofuata.

Baba alikuwa na imani moja kuhusu madaraja. Daraja la pili haliji hivi hivi, lazima kuna kasoro, na kasoro ni ya mwenye moto. Akipewa la pili anamfuata mteuzi na kumuuliza, "Umeona nini?" Akishaambiwa ni unyevu, au moshi umezidi, anarudi nyumbani ameridhika kabisa, anakula, anatania watoto. Asipoambiwa sababu, nyumba nzima tunanuna.

Miaka ikaenda, moshi ukamla mapafu. Daktari akamwambia asilisogelee bani tena. Nikamleta kwangu pamoja na mama, akawa mzee wa kukaa uani na sweta lake, kazi yake kukosoa jinsi ninavyowasha jiko la mkaa.

Sasa tuje kwa mdogo wangu, kitinda mimba wetu. Nitamwita Gaudensi. Alisomea mambo ya video Dar. Msimu wa mwisho wa baba kwenye bani alikuja na kamera, akamrekodi tangu kutunga majani hadi kuyashusha. Akatengeneza documentary fupi, haina hata mtangazaji. Ni baba, moto na kikohozi. Nilipoonyeshwa nikawaza, hii nani ataangalia? Sanaa siijui, nisameheni.

Ikachaguliwa kwenye tamasha la filamu la kimataifa huko Ulaya. Gaudensi akapanda ndege. Wakuu, Matogoro tulitembea vifua mbele. Mama akapeleka habari jumuiya, ikasaliwa rozari kwa ajili ya filamu.

Siku ya matokeo akapiga video call. Nyuma yake watu na glasi mkononi.

"Baba, tumekuwa wa pili. Nchi zote zile, baba, sisi wa pili."

Tukapiga vigelegele. Baba akasogeza uso kwenye simu.

"Wameona nini?"

Gaudensi hakumwelewa. "Wameipenda sana, baba."

"Wangeipenda ingekuwa ya kwanza. Nakuuliza, wameona nini kwenye ule moto?"

Mtandao ukakata hapo hapo, na laiti usingekata.

Kuanzia siku hiyo baba hakuwa na mazungumzo mengine. Akawa anaurudia ule msimu kichwani. Mara magogo yalikuwa mabichi. Mara kuna asubuhi alikaa nje akikohoa, moto ukashuka, na Gaudensi alikuwa anarekodi. "Hapo ndipo waliponishika," anasema.

Nikamwambia, "Baba, wale Wazungu hata bani hawalijui."

Akanijibu, "Mteuzi naye hajui kulima, lakini kasoro anaiona."

Gaudensi alikuwa bado huko, amealikwa miji mingine kuonyesha filamu. Tukimpigia hapatikani, au anapatikana ana haraka. Baba akawa anapungua hata kula.

Asubuhi moja nikiwa kazini, mama akidhani mzee kaenda misa, baba alipanda gari la Namtumbo. Kumbe alishaongea na baba yangu mdogo, ambaye alikuwa na majani tayari ya kupandisha bani.

Nikampigia. Akasema kwa utulivu kabisa, "Nafanya moja safi. Huyo mwenzako akirudi na kamera aikute."

Niliwaka. Niliacha sare za watu mezani nikamfuata. Nilimkuta ndani ya bani, macho mekundu, kitambaa mdomoni, anageuza gogo. Nilimfokea baba yangu kama anavyofokewa mtoto, na baba mdogo akasimama pembeni anaangalia chini.

Baba alisubiri nimalize. Akasema, "Mwanangu, niache. Sitaki kufa na daraja la pili lisilo na sababu."

Ningembeba kwa nguvu? Semeni nyie.

Haikupita wiki akaanguka. Tukamleta hospitali Songea, akawekewa oksijeni. Huko bani baba mdogo akaendelea kulisha moto, maana ukiuacha katikati majani yote yanaoza. Na baba kila akipata pumzi anauliza, "Moto unaendeleaje?" Inauma sana kumjibu mgonjwa wa mapafu habari za moshi.

Gaudensi akarudi. Mama akamdaka kwenye korido kabla hajaingia wodini.

"Mwambie wamehesabu upya. Mwambie ni ya kwanza. Baba yako atapumzika."

"Mama, siwezi kumdanganya baba."

"Basi mwache afe akijichambua."

Mama akageukia ukutani. Gaudensi akaingia, nami nikaingia nyuma yake.

Akakaa kitandani, akamshika baba mkono, akaanza kumsimulia historia ya ile tuzo. Kwamba zamani tamasha lile lilikuwa na tuzo moja tu. Mwaka mmoja zikabaki filamu mbili, majaji wakatafuta kasoro ya kuiangusha moja, wakakosa. Wakagombana, wakanuniana, mwisho wakaamua iwepo na tuzo nyingine. Ndiyo hii. Inaitwa ya pili kwa sababu ilizaliwa nyuma ya mwenzake, na mtoto wa pili siyo mtoto mwenye kasoro. Na miaka ambayo hawaoni filamu safi, hawaitoi kabisa.

Alisimulia vizuri hadi mgonjwa wa kitanda cha jirani akageuka kusikiliza.

Baba akamtazama. "Kwa hiyo hawakuona kitu kwenye moto."

"Hawakuona kitu, baba."

Baba akafumba macho. "Basi mwambieni mdogo wangu azime."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho ya maana tuliyopata kwake. Kesho yake hakuzungumza, na keshokutwa akatutoka. Tukamzika Namtumbo.

Siku ya kuondoa tanga, wajomba walitaka kusikia habari za Ulaya. Nikamwambia Gaudensi awasimulie ile historia ya tuzo, iliyomlaza baba kwa amani. Akakwepa. Nikamkazania. Akanivuta hadi nyuma ya bani.

"Dada, ile historia niliitunga kwenye basi. Tunapita Makambako ilikuwa imekamilika."

Nilidhani sijamsikia.

Akasema tuzo ile haina historia ya maana. Iliwekwa ili anayekosa ya kwanza asirudi mikono mitupu, basi. Na kwamba yeye mwenyewe alimuuliza jaji mmoja swali lile lile la baba: mmeona nini? Jaji akamjibu bila kuficha kwamba mzee na moto wake havina dosari, ila filamu imevutwa mno mwishoni. Mkataji wa filamu, anayepanga picha zipi zibaki, ndiye aliyeiangusha. Na mkataji ni Gaudensi.

"Sasa si ndilo jibu alilokuwa analitafuta? Kwa nini hukumpa?"

Akalia. "Niliogopa afe akijua mimi ndiye niliyemshusha daraja."

Wakuu, sijui kama nilitaka kumkumbatia au kumzaba kofi.

Nilichojifunza ni kidogo. Ukimpelekea mzazi habari, mpelekee na sababu yake, hata kama ni chungu na hata kama sababu ni wewe. Wazee wetu wamezoea kuambiwa kasoro. Kimya ndicho kinachowamaliza.

Mama hajui. Kila Jumamosi jumuiya anawasimulia wenzake historia ya ile tuzo, majaji walivyogombana, mtoto wa pili asiye na kasoro, neno kwa neno kama alivyoisikia kwangu. Wanamwambia Gaudensi ni mtoto mwenye busara. Gaudensi akiwepo anatoka nje, mama anadhani ni kilio cha baba.

Karibuni mnishauri, hasa mliowahi kuficha jambo kwa mzazi aliyebaki. Nimwambie, au nimwache na historia yake? Jumamosi hii ni zamu yetu, wanakuja kusali kwangu.